Saa Nane Usiku, Ulsan

Ufa wenyewe mwembamba kama unywele,
rangi ingeumeza.
"Weka saini," kasema Namgung, msimamizi,
kikombe cha kahawa baridi mkononi.
"Meli si yako."

Si yangu, kweli.
Wala bahari si yangu,
wala yule mpishi Mfilipino
atakayelala nyuma ya bamba hili
akihesabu siku za harusi ya bintiye.

Jumapili hupitisha kapu la sadaka
kwa mikono hii hii.
Bwana hakuniuliza kapu lilijaa kiasi gani.
Aliniuliza kwa upole, fundi kwa fundi:
umeugusa?

Nimeugusa.
Nikashusha tena barakoa ya chuma,
nikawasha moto, nikaanza upya.

Nusu ya ujira imekatwa.
Mke wangu bado sijamwambia.