Hakuna Mpagazi

AT, naandika, na modemu inajibu OK.
Mpaka hapo tunaelewana.
AT&F: sahau yote uliyofundishwa Dar,
huku ni Moshi, Kiusa, duka la Mama Aikaruwa,
fotokopi, bahasha, kupiga chapa,
na sasa mlangoni, kwa rangi nyekundu isiyokauka bado, BARUA PEPE.

Kitabu cha maelekezo kimeliwa na panya
kuanzia ukurasa wa arobaini.
Yaliyobaki napapasa.

Kosa la kwanza lilikuwa T.
Mitambo yetu ya simu haijui kuimba, inajua kuhesabu.
Basi P: tak-tak-tak, tak-tak,
namba inapigwa kama mtu anayepura maharage.
Kosa la pili, modemu ilingoja mlio,
ule mlio safi waliouwazia walioiunda,
na laini yetu, tangu mvua za mwaka jana ziloweshe nguzo za Majengo,
hukoroma tu kama aliyeshiba kiburu.
X3, nikaiambia. Usingoje kukaribishwa. Piga.

S7=90. Sekunde tisini za subira.
Mama Aikaruwa akaweka chini kitabu cha risiti.
Bati likaburutwa juu ya bati, likaburutwa tena,
kisha kwenye kioo:

NO CARRIER

"Imesemaje?"
Nikatafuta Kiswahili chake upesi, kama mtu anayetafuta chenji.
"Inasema hakuna mpagazi."

Alicheka mpaka akavua miwani.
"Moshi hii? Hakuna mpagazi?
Iambie nimezaa na mpagazi.
Ndesario amepandisha masanduku ya wageni miaka kumi na tisa,
akabaki na vidole saba vya miguu,
na hakuna sanduku lililolala njiani."

Akavaa miwani.
Barua anayoingoja ni ya Kunda, binti yao, yuko Leipzig,
amelazwa, au ametoka, hatujui.

M0, nikazima spika. Sikutaka asikie tena lile bati.
"Washa," akasema. "Nataka kusikia anavyopanda."
M1.

Kuna ukurasa mmoja panya waliuacha:
ukitaka modemu ikusikilize katikati ya maneno yake
nyamaza sekunde nzima,
andika +++
halafu nyamaza tena sekunde nzima.
Bila kimya hicho, mbele na nyuma,
alama zako ni mzigo kati ya mizigo,
zinapita tu.

ATDP. Tak-tak-tak. Tak.
Sekunde ya thelathini, anahesabu kwa saa ya ukutani:
"Yuko Mandara."
Ya sitini. "Horombo. Hapo ndipo kichwa huuma."
Mteja akaingia kutaka bahasha za kaki, akaonyeshwa benchi kwa kidole.
Ya themanini na nane
taa ya tatu ikawaka,
ikatetemeka,
ikabaki imewaka.

Hakuna aliyesema kitu.
Sekunde nzima.