Sifuri

Daktari Leida Kangro alizileta diski saba
juu ya sleji ya mjukuu wake,
zimeviringishwa shuka kama mikate ya moto.
"Nimeshazifuta," alisema. "Hata pipa la taka nimelimwaga."

Daktari, ulichong'oa ni kibao cha mlangoni.
Nyumba bado imejaa watu.

Hapa Tartu, chini ya ngazi, kazi yangu ni sifuri:
naandika sifuri juu ya kila herufi,
tangu ukingo hadi kitovu cha sahani,
usiku kucha, diski ikisaga meno.
Miaka thelathini ya wagonjwa wa roho:
aliyemchukia mwanawe, aliyeota reli,
aliyelipa kwa mayai akaomba asiandikwe.
"Siri hizi niliazimwa," alisema.
"Siwezi kufa nazo, wala kuziacha nyuma."

Diski ya tano iligoma.
Nikafungua orodha nione palipokwama.
Jina la mama yangu. Mwaka niliozaliwa.

Chai ilipoa. Theluji ikaziba dirisha lote.
Kidole changu kilijua njia zote mbili.

Sifuri.
Sifuri.
Kisha keekee, matobo matatu,
kwa sababu mkono ulitaka kelele.

Asubuhi daktari alihesabu saba, akatia sahihi.
"Hukusoma?"
"Sikusoma."
Akainua sahani moja, imetobolewa, inang'aa kama kioo,
akaiweka sawa kofia yake ya sufu,
kisha akanigeuzia
nami nijione.