Wageni kutoka Mwanga

Nimelipigia simu lile jumba la wageni la Katonga.
Dada wa mapokezi ana sauti ya kanga mpya,
bado ina wanga.
"Mnatokea wapi, kaka?"
Nikasema, Mwanga.
Kimya.
"Mwanga hii hii?"
Hii hii, dada. Hapo juu,
ambapo ukipanda kugongelea bati
siku isiyo na ukungu
unaiona milima ya Kongo, na unasahau nyundo.

Usicheke, Stamili.
Nimeandika yote kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa nyuma kabisa,
pasipofikika na mama Ntakije na sabuni zake tatu:
chumba chenye dirisha la ziwani, kulala mara mbili.
Bodaboda kwenda. Bodaboda kurudi
(moja, tubanane, wewe katikati).
Watoto kwa Tausi, Ujiji, na kilo mbili za mchele
ili asituhesabie.

Mwaka wa tano tulisema twende.
Upepo ukaezua jiko.
Mwaka wa kumi tulisema twende, ukashona hadi gauni,
Bilali akalazwa Maweni
na fungate yetu ikaingia tone kwa tone
kwenye mshipa wa shemeji.
Sijuti. Amepona, anadai hata leo kwamba gauni lilikubana.
Mwaka wa kumi na tatu hatukusema kitu.
Huo ndio ulioniogopesha.

Wataniuliza mafundi wenzangu, kijiweni,
wameshika cherehani iliyofunguliwa tumbo:
mtu hulipaje kitanda
nusu saa kutoka kitanda chake?
Sitawajibu.
Nitawajibu nini? Kwamba miaka kumi na sita
umeshuka Kibirizi kabla ya adhana
na ziwa limekuonyesha upande mmoja tu,
upande wa dukani:
debe, beseni, bei ya leo, mchanga kwenye dagaa,
nani kakopa, nani kahama na deni.
Hujawahi kuliona limekaa tu.
Wala lenyewe halijakuona umekaa.

Tarehe nimeisogeza, nisamehe.
Tulioana usiku wa giza, siku nzuri ya dagaa,
nusu ya wageni wako walikuja wananuka samaki
na mjomba wako akaondoka kabla ya pilau, kuwahi soko.
Mimi nimechukua Jumamosi ya mwezi mpevu.
Najua, kwenu mwezi mpevu ni hasara,
dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala kifudifudi,
wanawake wa mwaloni wanautukana mwezi kama mpangaji.
Ndiyo maana.
Usiku huo huna cha kupoteza.
Acha utung'arie bure.

Umeipitia orodha yangu kwa kalamu ya risasi, kimya,
kama unavyopitia hesabu ya mtu unayemshuku.
Mgebuka wa kuchoma, sahani moja, elfu kumi na nane?
Umeuzungushia duara mara mbili.
"Samaki huyu nimewauzia mimi."
Pengine. Na wao watakuuzia wewe,
amepakwa limau, amelazwa juu ya jani,
na utakula mpaka mfupa, na hutaosha sahani.
Ukakata "maua". Sawa.
Ukakata "soda mbili", ukaandika moja, kubwa.
"Mafuta ya mawese ya kupaka miguu" ukayaacha,
ukanitazama, ukatazama pembeni.

Jumapili asubuhi niliiacha wazi.
Sikujua watu hufanya nini Jumapili asubuhi
wakiwa hawana mtoto wa kuogesha wala suruali ya mteja.
Leo nimelikuta daftari chini ya mto.
Kwenye nafasi ile umeandika, kwa herufi zako
zinazoinama kama zimebeba kitu kichwani:
kulala.
Na chini yake, ndogo zaidi:
usiniamshe saa kumi.
Hata nikiamka mwenyewe,
niambie bado.