Nani Alimshikia Funguo

Shemeji yangu Mwanakombo ni muuguzi wa zamu ya usiku,
chumba cha upasuaji, Makadara.
Nilimpa mswada wangu autupie jicho akipata nafasi.
Aliurudisha siku ya tisa, unanuka dawa ya sakafu,
pambizo zote zimejaa maswali ya kalamu ya kijani.

Ukurasa wa kumi na saba, shujaa wangu, Inspekta Shebwana,
apigwa risasi ya bega, ajifunga leso,
alifukuza gari kwa miguu kutoka Makupa hadi Changamwe.
"Alikuwa amekula?" ameuliza Mwanakombo.
Ukurasa wa arubaini, atupwa dirishani Kibokoni, ghorofa ya tatu,
aangukia rukwama la ndizi, atabasamu.
"Mbavu."
Basi. Neno hilo moja.
Ukurasa wa sitini na tatu, Kilindini,
apigana na watu saba juu ya kontena linaloning'inia.
"Kreni hiyo huendeshwa na kakako.
Upepo ukizidi hushuka akanywa chai."

Na ukurasa wa mia na kumi na mbili, ule nilioupenda,
ule niliojisomea kwa sauti bafuni:
usiku wa manane, Daraja la Nyali,
binti wa hakimu yumo majini, mikono imefungwa kamba.
"Shebwana hakufikiri hata nukta moja," niliandika,
nikajiona fundi,
"aliruka kama alivyo."
Chini yake mstari wa kijani, na swali:
"Nani alimshikia funguo?"

Nilimwendea na hasira zangu
na viazi karai vya kuzifunika.
Shemeji, nikamwambia, hii ni hadithi.
Msomaji hataki funguo. Msomaji ataka kuruka.

Hakubishana. Alijifuta ukwaju vidoleni,
akanisimulia habari ya gati la Likoni, asubuhi ya mvua,
mtoto wa shule alipoteleza akaingia majini.
Kijana mmoja alijitosa papo hapo,
buti miguuni, begi mgongoni.
"Hakufikiri hata nukta moja," akasema, akinitazama.
"Huyo aliletwa kwetu. Siku mbili hatukujua jina lake."

Kisha Mwadzombo, fundi saa, akavua viatu.
Saa akaitia katika kiatu kimoja,
miwani katika cha pili.
Funguo akampa muuza mahamri asiyemjua:
"Nishikie, mama, nna mke mkali."
Akashuka kwa ngazi ya gati, kidato kwa kidato,
kama aendaye kisimani.
Mtoto alimtoa.

"Mpaka leo akisimulia humcheka," akasema Mwanakombo.
"Shujaa gani huyo, wasema, ashukaye kwa ngazi?
Nawe waweza kumwandika yule wa kwanza, sikukatazi.
Lakini mwandike mpaka mezani kwangu."
Akachukua kiazi cha mwisho.

Wiki ya tatu sasa.
Shebwana amechutama ukingoni mwa daraja,
kamba ya kiatu cha kushoto imeingia fundo.
Binti wa hakimu nimempa ubao wa kuegemea,
siwezi kumzamisha kwa ajili ya fundo.
Majambazi wamezima gari. Mmoja amekaa juu ya boneti
anachokonoa meno.

Funguo zimo kiganjani mwake: ya nyumba, ya ofisi,
na ndogo moja ambayo mimi mwenyewe sijui ni ya nini.
Atazama upande wa Buxton, atazama upande wa Nyali.
Lazima nimtafutie mtu wa kupita saa hizi,
mtu mwenye mkono na dakika tano.

Upepo unamvuta shati.
Na kwa mara ya kwanza tangu nimzue
naogopa asije akaanguka.