Imesuguliwa

Orrin Peaslee aliingia na theluji mabegani,
akaipangusa kwa adabu, bega hili, kisha lile,
akatoa mfukoni soksi ya mtoto,
na ndani ya soksi, shaba.

Niliiweka chini ya taa. Sikusema neno.
Kazi yangu ndiyo hiyo, kutosema upesi.
Jua lachomoza nyuma ya milima, miale imelika,
plau chini yake imebakiwa na mpini mmoja.
Mwaka je, ni tano au ni sita? Nikainamisha kioo:
sita. Elfu moja mia saba themanini na sita,
Vermont ikiwa bado jamhuri peke yake,
ikijipigia pesa katika kibanda kando ya kijito,
kwa kishindo, na muhuri wenye ufa.

Ningeipa ishirini. Ishirini na tano, siku niliyolala vizuri.
Lakini inang'aa.
Inang'aa kama kitasa cha mlango wa benki.
Shaba ya miaka mia mbili na ushei haipaswi kung'aa,
yapaswa kuwa na rangi ya tandiko kuukuu,
ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Nani kaisugua?"

"Loveday," akasema. "Mke wangu. Kila Jumamosi,
pamoja na vijiko. Siki na chumvi.
Miaka arobaini na mmoja."
Aliiokota kwenye tuta la viazi mwaka waliooana,
akaiweka dirishani juu ya sinki
ili jua la ndani na jua la nje yaonane.

Kuna kanuni. Tundu ni tundu.
Kutu hupunguza, ukingo uliogongwa hupunguza,
na siki,
siki haisamehewi.
Wahenga walisema kizuri chajiuza;
hawakuwahi kukaa kwenye meza hii
ambapo kilichopendwa mno hushuka bei.

Nikamwambia: nusu. Pengine hata nusu haifiki.

Hakushtuka. Aliuliza tu kama kioo changu
kinaweza kuonyesha alikuwa akianzia wapi.

Nikatazama tena. Mikwaruzo, myembamba kama unywele,
haikwenda ovyo. Ilianzia mlimani,
ikateremka kwa mshazari juu ya plau,
ikazunguka, ikarudi mlimani,
Jumamosi juu ya Jumamosi,
na mshazari wenyewe uliinamia upande nisiouzoea.

"Alitumia mkono wa kushoto?"

Orrin akavua kofia,
ambayo hakuivua alipoingia.

Kwenye kadi niliandika kama nilivyofundishwa:
Vermont, 1786. Kumi na mbili. Imesuguliwa.
Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza,
akanirudishia.

"Neno hilo la mwisho," akasema,
"liandike kwa wino."

Nilikuwa nimetumia penseli.
Nikafungua droo moja, nikafungua nyingine,
natafuta kalamu, na nyumba hii imejaa kalamu,
na sikuiona hata moja.