Meli Tuliyoilipia

Cirimwami ananiambia: temea mate kwenye kioo.
Nina miaka arobaini na moja, na mpaka asubuhi hii
sijawahi kutema mate ila kwa ugomvi.
Natema. Nasugua kwa kidole gumba. Nasuuza.
Kisha bomba mdomoni, meno yakiuma mpira,
na sheria moja: usivute hewa kwa pua.

Pua haisikii.
Mara ya kwanza nakunywa Kivu nusu kikombe,
lina ladha ya sarafu,
na vijana wa Muhumba wanaoosha pikipiki ukingoni
wanapaza sauti: "Mama, tuachie kidogo!"

Mara ya tatu nalala kifudifudi juu ya maji
na kujisikia nikipumua, ho, ha,
kama mgonjwa wa chumba cha pili.

Halafu inatokea.
Kwanza kijani kizito kuliko kijani kingine,
kisha mstari ulionyooka mno kuwa jiwe,
kisha ubavu, dohani iliyolala,
tanuru mdomo wazi.

Hapo ndipo babu Mushagalusa alisimama
akilisha moto kuni, Bukavu hadi Goma, Goma hadi Bukavu.
Usiku ilipogonga mwamba ilizama na magunia ya kahawa.
Yeye aliogelea, akafika nyumbani bila shati.
Kesho yake karani akamwandikia deni:
kahawa, chuma, kengele, hata kamba.
Wakamkata mshahara miaka kumi na tisa.
Alipokufa daftari lilikuwa bado wazi;
baba akalifunga kwa mbuzi wawili.

Kwa hiyo sikuja kutalii.
Nimekuja kukagua mali.

Nabana pua, napuliza,
masikio yanalia kama mlango wa bati,
nazama pima moja, na nusu ya pili,
nashika ukingo. Utando unateleza,
na chini ya utando, baridi, kichwa cha ribiti.
Huu ni mwezi mmoja wa babu.
Huu wa pili ni karo ya shangazi Nabintu,
aliyeishia darasa la tatu.
Sambaza wanaingia tanuruni na kutoka
bila tiketi.
Nataka kuhesabu zote. Kifua kinakataa.

Juu: mwanga, kikohozi, kamasi.
Cirimwami amenidaka kwapani. "Umeona nini?"
Bomba bado mdomoni, namwonyesha vidole viwili.
Haelewi. Nalitoa.
"Propela haipo," namwambia.
"Nani kaichukua? Nayo tuliilipia."