Silabi Moja

Fomu ya mwaka ina visanduku viwili:
Anaweza. Hawezi.
Nimeijaza miaka kumi na mmoja,
na kila Machi kalamu hunikwama palepale,
kama kiatu kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka.

Swali la kumi na nne: Tobias Wiebe, miaka kumi na sita,
anaweza kuvuka barabara peke yake?

Niseme kweli. Tangu Novemba tunatoka,
Tobias, mimi, na Bi Halyna msaidizi
mwenye chupa ya chai na mfuko wa glavu za akiba,
hadi kwenye taa za mtaa wa Sargent,
mbele ya duka la donati.
Hii ni Winnipeg. Kuna asubuhi ambazo vinyweleo vya pua
hugeuka sindano.
Tobias anabonyeza kitufe. Anasimama.
Kijitu cheupe cha taa kinatembea bila kwenda popote,
kisha mkono, kisha tarakimu zinahesabu kinyumenyume,
naye anazifuata kwa vidole ndani ya glavu
mpaka sifuri.
Halafu anabonyeza tena.
Siku arobaini na moja.
Madereva wametuzoea. Mmoja hutupungia.

Darasa letu ni chumba cha mwisho cha sekondari hii,
karibu na boila.
Jovelyn hupanga sarafu kwa harufu, si kwa thamani.
Waylon, ambaye husoma herufi mojamoja
kama mtu anayejitoa miba,
aliniuliza juzi: "Wewe uliletwa huku kwa kosa gani?"
Nikamwambia niliomba.
Hakuniamini.
Walimu wa ghorofani nao hawaniamini.
"Una subira wewe," husema, huku macho yakitafuta mlango.
Subira huvuta heri, tuliambiwa.
Mimi sivuti kitu. Nasimama tu kwenye taa.

Jana nilikuwa nimechoka.
Nilikuwa naiwaza fomu hii, na kikao,
na mama yake Tobias, ambaye huja na koti la kazini
na swali lilelile asilolimaliza:
"Na siku mimi nikifa..."
Kichwa chini, nikashusha mguu barabarani.

Mkono ukashika upindo wa koti langu.

Tobias, asiyependa kugusa wala kuguswa,
Tobias, ambaye glavu yake sijawahi kumvisha,
alinivuta nyuma,
na lori la kukwangua theluji likapita likiguna,
likanimwagia chumvi hadi magotini.
Hakunitazama. Alikuwa anahesabu.
Bi Halyna alimwaga chai yote.

Sasa hilo niliweke kisanduku kipi?
Hakuna swali la kumi na tano
linalouliza kama mwalimu anaweza kuvuka peke yake.

Lugha ya mama yangu ina upenyo.
Hawezi ni mlango uliopigiliwa misumari.
Hajaweza ni mlango.
Kati yao kuna silabi moja, ja,
ileile iliyomo ndani ya kuja,
na ikishaingia, ile i ya mwisho, kali,
hung'oka yenyewe.
Hajavuka. Hajasema. Hajaandika jina lake.
Sikiliza: ndani ya kila kukana
kuna mtu yuko njiani.

Basi nimeandika pembeni, kwa penseli: bado.
Naibu mkuu kanipigia simu.
Ameuliza kama hiyo ni dawa,
na kama ni dawa, anakunywa mara ngapi kwa siku.
Nikasema, kila siku, baada ya kengele ya pili.

Leo ni ya arobaini na mbili.
Upepo unatoka kaskazini, donati zinanukia.
Tobias anabonyeza.
Kijitu cheupe kinawaka.
Anasimama, na mimi nimesimama
hatua moja nyuma yake,
kama alivyonifundisha.